Dirisha limevunjika na usiku unaingia: namna ya kuziba bila kuwahatarisha watoto

Labda ni upepo, labda ni mpira wa watoto, labda ni mwizi. Vyovyote ilivyokuwa, sasa kuna tundu pale palipokuwa na kioo, saa inakaribia kumi na mbili jioni, na fundi anasema atakuja kesho. Kwa mama mwenye mtoto mchanga, au bibi anayelala chumba kimoja na wajukuu watatu, tundu hilo ni mvua, mbu, baridi ya alfajiri na wasiwasi wa mtu kuingia. Ni haki yako kutaka kuliziba leo hii.

Hapa tunaeleza namna ya kuziba kwa muda dirisha au mlango ulioharibika. Tunalieleza kama jambo la afya kwa sababu hatari kubwa kwa mtoto mara nyingi haitoki kwenye tundu lenyewe. Inatoka kwenye vioo vilivyoanguka kabla hujaziba, na kwenye mambo mawili unayoweza kuyapoteza baada ya kuziba: hewa na njia ya kutokea.

Watu wa pwani ya kusini ya Tanzania walilikumbuka jambo hili mwanzoni mwa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokaribia Mafia na Kilwa kikileta upepo mkali na mvua kubwa. Wazee wa Lindi walikuwa na kimbunga chao cha Aprili 1952. Lakini huhitaji kusubiri kimbunga. Upepo wa kawaida wa masika ukikuta dirisha ambalo komeo lake limelegea, unalibamiza mara mbili tatu na kioo kinakwenda chini.

Kabla ya kushika nyundo

Watoe watoto chumbani kwanza. Usiwaambie tu "msisogee", maana mtoto wa miaka miwili husogea hasa pale alipokatazwa. Mpe mtu mzima mwingine awashike, au wapeleke kwa jirani, au uwaweke chumba kingine na ufunge mlango. Wewe mwenyewe vaa viatu vilivyofunika vidole. Kandambili hazitoshi, kwa sababu kipande cha kioo huingia pembeni mwa mguu au hupenya soli yake laini.

Kama paa limeinuka, ukuta umepata ufa mpya, au waya wa umeme umeanguka karibu na dirisha, usizibe chochote. Ondokeni wote. Waya ulioanguka uhesabu kuwa una umeme hata kama mtaa mzima uko gizani, kwa kuwa umeme unaweza kurudi wakati wowote bila taarifa. Kama maji ya mvua yameingia kwenye soketi, zima swichi kuu ikiwa unaifikia ukiwa umesimama pakavu. Huifikii, basi iache na uwaite watu wa umeme.

Kama ni wizi, piga picha mbili tatu kwa simu kabla ya kusafisha. Polisi watazihitaji, na mwenye nyumba naye atataka kuona. Mkiwa ni wapangaji, mpigie simu mwenye nyumba kabla ya kutoboa ukuta wake, ila usikubali kuambiwa mkae na tundu hadi mwisho wa mwezi.

Mjamzito, au mama aliyejifungua kwa upasuaji wiki chache zilizopita, asipande kiti wala meza kuziba dirisha, na asibebe ubao. Kipande kizima cha plaiwudi cha futi 8 kwa 4, chenye unene wa milimita 12, kina uzito wa karibu kilo 20, na upepo ukikikamata kinakuwa tanga. Hiyo ni kazi ya watu wawili. Mwite jirani bila kuona haya.

Kuokota vioo hadi punje ya mwisho

Kioo cha kawaida cha dirisha huvunjika vipande virefu vyenye ncha. Vingine hubaki vimening'inia kwenye fremu, na hivyo ndivyo vibaya zaidi, kwani hudondoka vyenyewe saa chache baadaye wakati mtu amepita chini yake. Anza na vile vya juu, kisha ushuke. Ukianza na vya chini, vya juu vitakudondokea mikononi. Vaa glavu nene za kazi, au kunja gunia au jinzi kuukuu mara kadhaa ushikie. Usivute kwa nguvu kipande kilichokaza. Kitikise taratibu kwa koleo hadi kilegee.

Vipande vikubwa vitie kwenye ndoo ya bati au boksi gumu. Mfuko laini hautoshi, unatoboka, na mtu wa taka ndiye atakayekatwa. Ukishajaza boksi lifunge na uandike juu yake "VIOO" kwa maandishi makubwa.

Punje ndogo ndizo zinazoumiza watoto wanaotambaa, na ufagio peke yake hauzimalizi. Fagia kwanza, kisha pangusa sakafu kwa magazeti yaliyoloweshwa au kitambaa chenye maji, kipande baada ya kipande, ukivitupa badala ya kuvisuuza. Mwisho zima taa, weka tochi ya simu chini kabisa sakafuni na umulike kwa ubavu. Punje zilizobaki zitameta. Wengi hushangaa kuziona mbali mno na dirisha, hata upande wa pili wa chumba, chini ya kabati, ndani ya viatu.

Kagua pia vitu ambavyo macho huvipita. Chandarua na mashuka yakung'utwe nje, mbali na njia ya watu. Godoro lipanguswe na kugeuzwa. Chakula kilichokuwa wazi mezani kimwagwe, na maji ya kunywa yaliyokuwa kwenye chombo kisicho na mfuniko pia, hata kama huoni kitu ndani. Midoli ya mtoto ioshwe mmoja mmoja. Na kanga uliyojifunga wakati unasafisha, ivue uikung'ute kabla hujambeba mtoto. Vipunje hujificha kwenye mikunjo.

Kwa siku kadhaa baadaye watoto wavae viatu ndani ya chumba hicho, na anayetambaa apelekwe chumba kingine au awekwe juu ya mkeka ambao una hakika nao.

Mtoto au wewe ukikatwa

Bonyeza kidonda kwa kitambaa safi kwa dakika 10 mfululizo, kwa saa. Kosa la kawaida ni kufunua kila dakika kuangalia kama damu imekoma. Kila ukifunua unabandua ule mgando unaoanza kuziba. Kama damu inapenya, ongeza kitambaa juu ya kile cha kwanza. Damu ikishatulia, osha kidonda kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, kisha ufunge.

Ikiwa kipande cha kioo kimezama mwilini, usikichomoe. Huenda ndicho kilichoziba mshipa. Bonyeza pembeni mwake, kifunge kisitikisike, na uende kituo cha afya. Nenda pia haraka ikiwa damu inaruka au haikomi baada ya dakika 10, ikiwa kidonda kimeachama, ikiwa kiko usoni au kwenye kiungo, au mtoto hawezi kukunja kidole kilichokatwa au hahisi unapokigusa. Jicho likiingiwa na kioo, mzuie mtoto asilisugue, lifunike kwa kitu kisicholigusa, kama kitako cha kikombe cha karatasi, na msafiri mara moja. Aliyemeza kioo asitapishwe, mpeleke hospitali.

Usitie mafuta ya taa, majivu, unga wa kahawa, dawa ya meno wala udongo. Tunajua haya yamerithiwa na yanatolewa kwa mapenzi, lakini yanaingiza uchafu kwenye kidonda na kumfanya mhudumu ashindwe kuona kina chake.

Halafu kuna pepopunda. Vijidudu vyake huishi kwenye udongo na vumbi, na kidonda kirefu chenye uchafu ni mlango wao, kiwe cha kioo, cha msumari au cha bati. Chanjo yake imo kwenye sindano anazopewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14, kwa hiyo beba kadi ya kliniki unapokwenda. Watu wazima wengi hawakumbuki walichanjwa lini. Kama kidonda ni kichafu na imepita miaka zaidi ya 5 tangu chanjo ya mwisho, au hujui kabisa, mwambie mhudumu hivyohivyo naye ataamua.

Kuziba dirisha

Kwanza tuondoe imani moja. Kubandika selotepu kwa umbo la msalaba kwenye kioo hakukiimarishi. Kioo kitavunjika vilevile, tena huenda kikaanguka kwa mapande makubwa yaliyoshikamana, mazito zaidi. Selotepu inafaa kwa kazi moja tu: kuzuia kioo chenye ufa mdogo kisimwagike wakati unasubiri kukitoa.

Kitu bora cha kuzibia ni plaiwudi ya milimita 12 au zaidi. Ile nyembamba hupinda na kung'oka. Bodi nyeupe ya dari haifai kabisa, ikilowa inamomonyoka. Mbao za kawaida zilizopangwa pamoja zinafaa, hata mlango wa kabati kuukuu unafaa. Bati linazuia mvua vizuri, ila kingo zake ni kisu: zikunje, au zielekeze mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki. Turubai au nailoni nzito inatosha kwa usiku mmoja wa mvua isiyo na upepo mkali, basi. Haimzuii mtu.

Kuhusu nailoni tuseme jambo moja zaidi. Isining'inie karibu na mahali anapolala mtoto mchanga, na mabaki uliyokata yatolewe nje siku hiyohiyo. Nailoni ikimfunika mtoto pua na mdomo, hana nguvu ya kuiondoa.

Nyumba zetu nyingi zina nondo madirishani, na nondo hizo zinarahisisha kazi kuliko watu wanavyodhani. Kata ubao uzidi tundu kidogo kila upande. Toboa matundu mawilimawili yaliyokaribiana, angalau sehemu sita, yakilingana na mahali nondo zilipo. Ubao ukae upande wa nje wa nondo. Pitisha waya laini wa kufungia, ule mafundi wanaotumia kufungia nondo za zege, uzungushe nondo, na uukaze kwa koleo ukiwa ndani. Hakuna msumari, ukuta wa mwenye nyumba haujatobolewa, mtu wa nje hawezi kuufungua kirahisi, nawe ukitaka kuutoa unautoa kutoka ndani. Kunja ncha za waya zielekee ukutani, maana ziko usawa wa macho ya mtoto anayesimama kitandani.

Kama hakuna nondo na fremu ni ya mbao nzima, tumia skrubu kuliko misumari. Skrubu zinatoka bila kupasua fremu, na kugonga misumari kunaangusha vioo vilivyobaki kwenye dirisha la jirani yake. Fremu ya aluminiamu usiitoboe. Badala yake weka ubao nje, weka gongo au ubao mwembamba uliokingama ndani, mrefu kuliko upana wa tundu, kisha ufunge vyote viwili pamoja kwa waya au boliti kupita katikati. Vinabanana kwenye ukuta na fremu inabaki salama. Nyumba ya udongo na miti haishiki msumari hata kidogo, kwa hiyo njia hii ya kubana ndiyo yake.

Usizibe hadi juu. Acha nafasi ya upana wa kiganja upande wa juu wa dirisha, chini ya kibaraza au paa ambako mvua haipigi, na uifunike kwa wavu wa mbu. Hewa ya moto na yenye unyevu hupanda, hivyo nafasi ya juu hutoa zaidi kuliko ya chini. Kama chumba kina madirisha mawili, ziba lililovunjika na acha la pili lifunguke kawaida. Kama kina moja tu, usilale humo na watoto likiwa limezibwa kote, hata kwa usiku mmoja, ikiwa una pengine pa kulala.

Mlango ni jambo jingine

Dirisha ukiliziba vibaya utapata joto na harufu. Mlango ukiuziba vibaya, siku ya moto hamtoki.

Nyumba nyingi zenye nondo kwenye kila dirisha zina njia moja tu ya kutokea, nayo ni mlango. Kwa hiyo usigongelee misumari mlango pekee mlio nao, hata kama wezi wameuvunja na una hofu. Ukiwa na milango miwili na mmoja umevunjwa, wa kuzibwa ni ule ulioharibika, mradi wa pili unafunguka vizuri na hakuna gunia la mkaa wala pikipiki mbele yake.

Mlango pekee ukiwa kitasa chake kimevunjwa, njia iliyo bora kuliko zote ni ile ya zamani, pingo: gongo imara linalokingama nyuma ya mlango na kukaa kwenye vishikio viwili vilivyoshikizwa ukutani au kwenye fremu. Linazuia kusukumwa kutoka nje, na kutoka ndani mtu analiinua kwa mkono mmoja. Komeo la ndani, moja juu na moja chini, nalo linafaa. Kama fremu imepasuka, ibane kwa kipande cha bati kilichopigwa skrubu pande zote mbili za ufa. Komeo lililofungwa kwenye mbao iliyopasuka halina maana.

Kufuli la ndani lina shida yake: ufunguo hupotea gizani. Ukilitumia, ufunguo uning'inie mahali palepale kila usiku, karibu na mlango lakini pasipofikika kwa mkono kutoka dirishani, na kila mtu mzima na mtoto mkubwa ajue ulipo. Usiwafungie watoto ndani kwa kufuli la nje ukaenda sokoni au kazini, hata kwa nusu saa. Tunajua kwa nini akina mama hufanya hivyo, hasa mlango ukiwa mbovu na mtaa hauaminiki. Mwachie mtu. Kama hakuna mtu, nenda nao.

Jaribuni kutoka mara moja, mchana, kama mchezo. Nani anambeba mtoto mchanga, nani anamshika bibi, mnakutana wapi nje. Kisha mjaribu mkiwa mmefumba macho, kwa sababu moshi hufanya chumba kiwe giza. Watoto wa shule hulipenda zoezi hili na hulikumbuka. Moto ukitokea, Tanzania Jeshi la Zimamoto na Uokoaji linapatikana kwa 114. Kenya piga 999 au 112. Mkishatoka, asirudi mtu ndani kufuata kitu.

Chumba kilichozibwa na jiko la mkaa

Kama huna muda wa kusoma yote, soma sehemu hii.

Fikiria mfuatano huu, ambao ni wa kawaida mno. Mvua imevunja dirisha. Mmeliziba kwa ubao, na pembeni mmesokota matambara ili baridi isipite. Nguo za mtoto zimelowa. Jikoni nje kunavuja. Basi jiko la mkaa linaletwa ndani, chakula kinaiva, mkaa umeshakuwa mwekundu na hautoi moshi tena, na jiko linaachwa kona ya chumba likaushe nepi na kupasha joto wakati watu wanalala.

Hewa inayoua katika chumba hicho ni kabonimonoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na haiwashi macho. Moshi unaokukohoza unakupa taarifa, hii haikupi. Mkaa mwekundu usio na moshi ndio unaoitoa kwa wingi, tena zaidi hewa ya chumba inapopungua. Ukiivuta, inaingia kwenye damu na kushika mahali ambapo oksijeni ingekaa, kwa nguvu inayozidi ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Mtu anaishiwa oksijeni huku anapumua kama kawaida. Aliyelala haamki. Watoto wadogo hupumua haraka kuliko sisi, hivyo huathirika mapema, na mtoto aliye tumboni anaweza kudhurika hata mama mjamzito akijisikia ana kizunguzungu tu.

Ile nafasi ya kiganja tuliyosema uiache juu ya dirisha haitoshi kwa jiko la mkaa. Ni kwa ajili ya pumzi za watu. Mlango uliofunguliwa kidogo nao hautoshi. Jiko la mkaa lipikiwe nje, au chini ya kibaraza kilicho wazi, na lisiingie ndani hata likiwa linaonekana kuzimika, kwa maana mkaa uliofunikwa na majivu unaendelea kuwaka kwa saa nyingi. Kama mnasikia baridi, laleni pamoja, ongezeni nguo, mvisheni mtoto kofia na soksi mnapokuwa macho mkimwangalia, tieni maji ya moto kwenye chupa iliyofungwa vizuri na kuzungushiwa kitambaa, mpashe shuka kabla hajalazwa, kisha muitoe.

Jenereta ni vilevile, tena zaidi. Likae nje, si chini ya hatua nane kubwa kutoka kwenye nyumba, na bomba la moshi lisielekee dirishani. Ubao mliouweka hauzuii hewa yake kupenya.

Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kuishiwa nguvu, usingizi mzito, kuchanganyikiwa. Zinafanana na malaria au sumu ya chakula, na ndiyo maana watu hudanganyika. Kinachozitofautisha ni hiki: watu kadhaa waliolala chumba kimoja wanaamka wanaumwa pamoja, hawana homa, na wakitoka nje wanapata nafuu. Ukiona hivyo, toeni watu wote nje kwanza. Usianze kwa kuzima jiko wala kutafuta nguo. Asiyeamka abebwe, na aitwe msaada hapohapo. Kisha nendeni hospitali wote, hata waliojisikia vizuri, na mwambie daktari neno kwa neno: "Tulilala na jiko la mkaa ndani." Bila sentensi hiyo anaweza kupima malaria na kuwarudisha chumbani kulekule.

Jiko la gesi halitoi mkaa, lakini chumba kilichozibwa kina hatari yake nyingine. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatulia sakafuni, na nafasi uliyoacha juu haiitoi. Ukisikia harufu yake, usiwashe kiberiti wala usiguse swichi ya taa. Fungua mlango, toa watoto, funga mtungi ukiweza kuufikia salama.

Na mabaki ya plaiwudi, mbao zilizopakwa rangi au zilizotiwa dawa, msizitie jikoni kupikia. Moshi wake una sumu. Mishumaa isikae karibu na nailoni wala turubai.

Mbu, unyevu na giza

Mbu wa malaria huuma zaidi kuanzia jioni hadi alfajiri, na dirisha lililovunjika kwa kawaida limepoteza wavu pamoja na kioo. Usiku huohuo watoto wote na mjamzito walale ndani ya chandarua chenye dawa, kimechomekwa chini ya godoro. Kama chandarua kilichanwa na vioo, kishone. Mshono wa uzi wa kawaida unatosha. Dawa ya mbu ya kuchoma ndani ya chumba kilichozibwa inamkera mtoto mwenye pumu kuliko mbu mwenyewe. Mtoto akipata homa siku au wiki zinazofuata, apelekwe kupimwa ndani ya saa 24. Usimpe dawa ya malaria uliyobakiza ya mtu mwingine.

Godoro lililolowa likikaa zaidi ya siku moja au mbili bila kukauka huota ukungu, na ukungu huchochea kikohozi na pumu. Litoeni juani kila panapokuwa na jua, hata kama ni saa mbili tu.

Chumba kilichozibwa kina giza, na giza lina athari ambayo akina mama wachache huifikiria. Manjano ya mtoto mchanga hayaonekani vizuri kwenye mwanga hafifu wala chini ya taa ya rangi ya njano. Kama una mtoto wa siku chache, mtoe kila asubuhi kwenye mwanga wa mchana, bonyeza ngozi ya paji la uso kwa kidole, na utazame rangi inayobaki. Tazama pia weupe wa macho. Ukiona manjano, nenda kituoni siku hiyo, na nenda mbio zaidi ikiwa ni siku yake ya kwanza au hataki kunyonya.

Watoto wakubwa nao wana hofu yao. Baada ya mwizi au upepo mkali, mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani anaweza kurudia, au akakataa kulala peke yake. Usimwaibishe. Mwonyeshe ubao umefungwaje, mwache aushike, mwambie kesho nani anakuja kutengeneza. Kwa watoto wengi jambo hili hupungua baada ya wiki chache.

Fundi anapofika

Ubao wa muda una tabia ya kugeuka wa kudumu. Mvua inaisha, ada za shule zinakuja, na miezi sita baadaye chumba bado ni giza. Kama pesa haijatosha kioo, weka wavu wa mbu na shata ya mbao yenye bawaba, inayofunguka mchana na kufungwa usiku. Ni nafuu kuliko kioo, na kwa afya ya watoto ni bora kuliko ubao uliokaza.

Kama unapata nafasi ya kuchagua nondo mpya, mwombe fundi atengeneze dirisha moja la chumba cha kulala liwe na nondo za bawaba zinazofunguka kutoka ndani, zenye komeo lisilohitaji ufunguo. Inaongeza gharama kidogo, na inaipa nyumba njia ya pili ya kutokea.

Siku ya kutoa ubao watoto wasiwepo. Hesabu skrubu na misumari ulizotoa ulinganishe na matundu, okota vipande vya waya, kisha pitisha sumaku ya spika kuukuu ardhini chini ya dirisha, upande wa nje, mahali wanapochezea.